Kazi ya Kusimama

Kulastara hafuatwi. Anayekwenda mtoni na kumwandama huku na huko ataona mgongo wake tu, ndege akiondoka kwa mlio mkavu wa kukwaruza, mabawa mapana yakipiga polepole na miguu imenyooka nyuma. Cha kufanya ni kuchagua mahali, kukaa kitako, na kuwaacha ndege wakuzoee. Baada ya muda watarudi wenyewe, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kipande chake cha maji, na hapo ndipo raha inapoanza.

Mahali pangu mimi ni mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi, kabla hujafika Mambrui. Naitaja raha kwa makusudi, maana vitabu vingi vya ndege hukimbilia majina na vipimo vikaisahau. Ndege aliyesimama tu, asiyeimba, asiyejenga, asiyeruka, watu wengi humvumilia kwa dakika mbili kisha wakageukia viboko walioko mtoni. Mimi nawaomba wasigeuke bado. Kulastara aliyesimama yuko kazini, na mtu akishaijua kazi hiyo ilivyo, inakuwa vigumu kumwondolea macho.

Kwanza tumjue. Wengi humwita korongo, na kwa mbali si ajabu: wote wawili wana miguu mirefu, shingo ndefu na domo refu, na wote hupenda maji. Subiri waruke. Korongo huruka amenyoosha shingo mbele. Kulastara huikunja na kuiegemeza mabegani, akabaki na uvimbe chini ya koo. Jamii yake yote huruka hivyo, pamoja na yangeyange, wale weupe wanaojulikana na kila mtu aliyewahi kuchunga ng'ombe. Alama hiyo moja inatosha, hata kwa asiye na darubini, hata jua likiwa limemkabili.

Mto wenyewe una majina matatu. Unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi, na maji ya Mto Nairobi huishia humo. Huko juu ni Athi. Ukishapokea maji ya Mto Tsavo ni Galana. Ukikaribia pwani ni Sabaki, na baada ya mwendo wa kilomita 390 hivi unaumwaga udongo wa bara katika Bahari ya Hindi. Wakati wa masika maji yake huwa mekundu kabisa, na wekundu huo huonekana baharini mpaka ufukwe wa Malindi. Haukuwa mwekundu kiasi hiki siku zote. Katika miamba ya hifadhi ya bahari ya Malindi wanasayansi walitoboa tumbawe moja lililokuwa limekua kwa takriban miaka 300. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi alama ya maji yaliyolizunguka mwaka ule. Walipima bariamu, madini yanayoletwa na udongo wa mtoni, wakaona kwamba kwa karne mbili za mwanzo kiasi chake hakikubadilika sana. Kisha, tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa namna mpya chini ya ukoloni, kikaanza kupanda, na kikaendelea kupanda.

Nayasimulia haya kwa sababu kulastara ni ndege wa macho. Samaki asiyemwona hamkamati. Kwa hiyo mtu anayewatafuta Sabaki asiukodolee mkondo mkuu, ambako maji ni mazito kwa tope. Aelekeze darubini pembeni: kwenye vidimbwi vilivyoachwa na maji kupwa, ambamo tope limeshatua chini, kwenye ukingo wa matete, chini ya michu, ile mikoko inayotoa mizizi yake ya kupumulia juu ya tope, na mahali ambapo maji ya bahari yanayojaa huusukuma mto nyuma, yakaleta kina kifupi kisichokuwa chekundu sana. Huko ndiko wanakosimama. Saa nzuri ni asubuhi, bahari ikiwa inakupwa, na nzuri zaidi ni siku za bamvua, tope linapofunuka mbali na samaki kubaki wamefungiwa madimbwini.

Tumchukue kulastara kijivu, kwa kuwa ndiye rahisi kumpata. Ana urefu wa karibu mita moja, shingo nyeupe yenye michirizi myeusi mbele, na utepe mweusi unaotoka juu ya jicho na kuishia katika manyoya membamba kisogoni. Amesimama maji yakimfika chini kidogo ya goti. Shingo ameikunja nusu. Dakika zinapita, hajasogea. Mtu aliye kando yako atasema amelala.

Mtazame jicho. Ni la manjano, na halifumbi. Mwaka 1994 watafiti wawili, Graham Martin wa Uingereza na Gadi Katzir wa Israeli, walichapisha matokeo ya kupima sehemu ambazo ndege wa jamii hii huweza kuziona bila kugeuza kichwa. Walichokikuta kinafurahisha sana. Macho ya kulastara yamekaa pande mbili za kichwa, lakini yanaweza kuangalia kwa pamoja mbele, na eneo hilo la pamoja linashuka chini ya domo hadi miguuni. Maana yake, ndege anayeshika domo lake sambamba na maji, anayeonekana kwetu kuwa anatazama upeo wa bahari, anaviona vidole vyake mwenyewe, na kila kinachopita baina yake na vidole hivyo. Samaki anayemtazama kutoka chini haoni kichwa kikiinama. Haoni dalili yoyote.

Kisha kuna tatizo la maji yenyewe. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, na samaki huonekana mahali ambapo hayupo. Kila mtoto wa pwani aliyejaribu kumchoma samaki kwa mkuki anajua kwamba kuulenga mwili anaouona ni kukosa. Katzir na wenzake waliwafanyia majaribio kulastara wa miambani, aina inayoishi katika pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba, na wakaona kwamba ndege hao hulisahihisha kosa hilo. Kabla ya kuchoma hukisogeza kichwa mpaka kifike mahali ambapo uhusiano wa kina wanachokiona na kina cha kweli ni ule wanaoujua. Hapo huchoma. Kwa hiyo ule mwendo mdogo wa kichwa, upana wa kidole tu, ambao mtazamaji asiye na subira huupuuza, ndio hesabu yenyewe ikifanyika. Tangu nilipousoma utafiti huo siwezi tena kumtazama kulastara bila kuungoja mwendo huo.

Jua nalo husumbua, kwa sababu uso wa maji hung'aa. Angalia wakati jua limepanda kidogo: mara nyingi ndege hukiinamisha kichwa upande mmoja, kuelekea jua liliko. Kulastara mkubwa wa bluu wa Marekani alipochunguzwa miaka ya 1970, ilionekana kwamba kuinama huko humpunguzia mng'ao. Ni jambo dogo, lakini ukilijua utaona pia kwamba ndege wawili waliosimama ukingo mmoja wameinamisha vichwa upande ule ule, na utajua kwa nini.

Na shingo. Ina mifupa ya pingili ipatayo 20, na pingili ya sita ni ndefu kuliko jirani zake, ikageuka kuwa kiungo cha aina yake. Ndiyo inayoipa shingo kile kipindo chake cha katikati, kinachoonekana wazi hata ndege akiwa ametulia. Misuli imevutwa muda wote huo. Ikiachiwa, domo linafika majini kabla jicho la mwanadamu halijatambua kwamba kitu kimeanza. Kwa miaka mingi nilikuwa naona maji yakirushwa tu, kisha samaki domoni. Sasa huona mwanzo wake, kwa sababu kabla ya pigo mwili wote huegemea mbele taratibu, na manyoya ya shingo hulala.

Nilipokuwa nimekaa hivyo siku moja, alipita mzee mmoja mvuvi, kimia chake begani, ndoo mkononi. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia, akasimama kutazama ninakotazama.

"Unawapiga picha, mwanangu?"

"La, mzee. Nawaangalia tu."

Akanyamaza kidogo. "Basi usimwangalie yeye. Angalia maji yaliyo mbele ya mguu wake. Ukimwangalia yeye utachoka."

Alikuwa na sababu yake. Wavuvi wa kimia huwasoma ndege: anaposimama mrefu pana kina fulani, wanapokimbiakimbia weupe pana vidagaa vinavyosukumwa ukingoni. Lakini ushauri ule unamfaa hata asiyevua. Ukiacha kumkodolea ndege, ukaanza kuyaangalia maji anayoyaangalia yeye, utaona vijiviringo vidogo juu ya uso, kivuli kinachopita, kamba anayeruka, tope linalotifuka mahali mkizi alipogeuka. Dimbwi ulilodhani ni tupu lina shughuli nyingi. Ndege anazifuatilia zote, na anazikataa karibu zote.

Katika kukataa hakuna anayemshinda yule mkubwa kuliko wote. Kulastara mkubwa hufikia kimo cha mita 1.5, kimo cha mtoto wa shule aliyekaribia kubalehe, na mabawa yake yakinyooshwa hupita mita mbili. Hakuna kulastara mwingine duniani anayemfikia kwa ukubwa. Kichwa na shingo vyake ni vya rangi ya kahawia iliyoiva, mgongo wa kijivu cha slati. Huwinda peke yake na hapendi jirani. Watafiti waliomfuatilia katika Ziwa St Lucia, Afrika Kusini, waliona kwamba hapotezi pigo kwa vidagaa. Hungoja samaki wa urefu wa sentimita 30 hivi, wenye uzito wa nusu kilo au zaidi, na wawili au watatu kwa siku wanamtosha. Hebu fikiria siku ya namna hiyo: saa nyingi za mwanga, mapigo machache, mlo mara mbili au tatu. Tena samaki mkubwa huchukua muda kumezwa, na furukombe, yule tai mla samaki, analijua hilo. Huko St Lucia furukombe walikuwa wakimnyang'anya mara kwa mara, wakimshukia angali anahangaika kumgeuza samaki kichwa mbele. Kulastara wetu hutembea hadi kwenye majani au matete na kumlaza samaki humo, akamficha asionekane kutoka angani. Huku Sabaki furukombe wapo pia, na mkubwa huyo akishakamata samaki, macho yake huenda juu kabla hajafanya lolote lingine.

Si wote wanaongoja hivyo, na tofauti zao ndizo zinazomfanya mtazamaji akae hadi maji yajae. Yangeyange mdogo, mweupe mwenye miguu myeusi na vidole vya manjano, hana utulivu hata kidogo. Huutanguliza mguu mmoja na kuutetemesha juu ya tope ili kilichojificha kitoke, kisha anakifukuza kwa mbio za kuyumba, mabawa nusu wazi. Katika pwani yetu kuna jamaa yake ambaye huweza kuwa mweupe au wa kijivu kilichokoza, na wa rangi zote mbili huonekana pamoja, wazazi mara nyingine rangi tofauti, bila wao kujali.

Kulastara mweusi ni kituko kingine. Ni mdogo, mweusi mwili mzima isipokuwa vidole vya manjano. Huingia maji mafupi, na ghafla huyazungusha mabawa yote mawili mbele juu ya kichwa mpaka yakakutana, akawa mwavuli uliosimikwa majini, na kichwa chake kimo humo ndani kivulini. Sekunde mbili tatu, anajifungua, anapiga hatua, anajifunika tena. Zimetajwa sababu mbili: kwamba kivuli humwondolea mng'ao, na kwamba samaki wadogo hukimbilia penye kivuli wakidhani ni maficho. Kundi lao linapofanya hivyo kwa pamoja kwenye dimbwi moja, kufunga na kufungua kukipokezana, hata watu waliokuja kwa ajili ya viboko husimama.

Na yupo yule ninayempenda kuliko wote, ingawa ndiye mgumu kuonekana: kulastara mgongo-kijani. Ni mdogo, mfupi, amejikunja chini ya mikoko kana kwamba hana shingo. Huyu hufanya jambo ambalo ni ndege wachache sana duniani wanaolifanya. Huokota kitu, mdudu, unyoya, kipande cha jani, akakiweka juu ya maji, kisha akangoja samaki waje kukiangalia. Kikichukuliwa na mkondo, hukifuata na kukirudisha. Anatega chambo. Tabia hiyo imeshuhudiwa Afrika, Asia na Marekani, na mtafiti wa Kijapani Hiroyoshi Higuchi aliichunguza kwa makini katika bustani ya Suizenji mjini Kumamoto miaka ya 1980, ambako ndege hao walitumia hata vipande vya mkate vilivyotupwa na wageni. Si kila ndege wa aina hii anaijua. Wengine hungoja tu maisha yao yote. Kwa hiyo nikimwona mmoja chini ya mchu humpa muda wangu mwingi, nikitazama domo lake litaokota nini.

Wote hawa, nimesema, hutumia macho. Ili kuona jambo hilo lina uzito gani, mgeukie korongo domo-njano anayesimama umbali mfupi katika tope lile lile. Yeye hufungua domo, akalizamisha nusu, na kutembea taratibu akilipitisha majini huku akikoroga tope kwa mguu. Haangalii. Samaki akigusa ndani ya domo, hufunga papo hapo. Maji mekundu hayamkoseshi chochote. Udongo ukizidi kuja kutoka bara, yeye ataendelea na kazi. Kulastara na yangeyange watabanwa kwenye vidimbwi. Ninapoyaona mashamba ya kingo za Athi na Galana yakilimwa hadi ukingoni bila majani ya kuushika udongo, namfikiria ndege aliyesimama huku chini, mamia ya kilomita mbali, akijaribu kuona.

Upepo wa kusi ukishashika, kuanzia Mei hivi, huja mgeni. Anatoka Bukini, kisiwa cha Madagaska, akivuka bahari. Kwao huzaliana wakati wa kaskazi, na wakati huo huwa mweupe pepe, domo la buluu. Huku kwetu hufika akiwa amevaa manyoya ya kahawia yenye michirizi, na hukaa hadi Oktoba. Akiwa hivyo ni vigumu kumtofautisha na kulastara mdogo wa madimbwini tuliye naye mwaka mzima. Domo lake ni nene zaidi kidogo na michirizi ya kifuani ni mipana na yenye kukoza. Ndege hawa wa Bukini wamepungua mno na wamewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Mojawapo ya mahali wanapojulikana kuzaliana ni ndani ya jiji la Antananarivo, kwenye bustani ya Tsarasaotra, ziwa dogo lililozungukwa na nyumba na barabara. Kwa hiyo ndege unayemwona Julai kwenye ukingo wa mto au bwawa la Kenya, Tanzania au Kongo, amejikunja, hana sura ya kuvutia, huenda yai lake lilitagwa katikati ya jiji kuu la kisiwa cha mbali. Mimi humtafuta kila kusi. Nikidhani nimempata hubaki naye mpaka aruke, kwa sababu anaporuka mabawa hufunguka yakawa meupe yote, na ule mshangao hauzoeleki.

Weupe huo huo uliwahi kuwaponza jamaa zake. Yangeyange wakati wa kuzaliana huota manyoya marefu laini mgongoni, membamba mno, yanayotetemeka kwa upepo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa London, Paris na New York waliyavaa kwenye kofia, na kwa uzito yakauzwa ghali kuliko dhahabu. Kwa vile manyoya hayo huota msimu wa viota pekee, wawindaji waliwafuata ndege viotani, wakawaua wazazi, na makinda wakafa njaa juu ya miti. Makundi mazima yalimalizwa. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha nyumbani kwake Didsbury, karibu na Manchester, chama cha wanawake walioahidi kutovaa manyoya ya ndege. Ndicho kilichokuja kuwa chama kikuu cha kulinda ndege Uingereza, na kikapewa hati ya kifalme mwaka 1904. Boston, mwaka 1896, Harriet Hemenway na Minna Hall waliwaita marafiki zao kwenye chai na kuwashawishi waache kofia hizo. Huko Florida, mwaka 1905, mlinzi Guy Bradley alipigwa risasi na kufa akiwazuia wawindaji. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kuingiza manyoya hayo mwaka 1921. Yangeyange mkubwa ninayemwona asubuhi amesimama Sabaki, manyoya yake ya mgongoni yakipeperushwa, huyaota bila kuwindwa, na watu wengi walitia juhudi ili iwe hivyo.

Viota vya jamii hii siwezi kuvisimulia kwa utulivu. Huko mbele ya Sabaki, kwenye delta ya Mto Tana, mto ukifurika vizuri ndege wa jamii hizi hujenga pamoja kwa wingi mkubwa juu ya miti iliyozungukwa na maji, kulastara, yangeyange, minandi, wote kwa kelele. Mayai huanguliwa siku tofauti, kwa hiyo kinda wa kwanza huwa mkubwa kuliko wa mwisho, na chakula kikipungua mkubwa humpiga mdogo mpaka afe, mzazi amesimama pembeni bila kuingilia. Ni ndege yule yule mpole wa ukingoni. Mwenye kumpenda itampasa ampende na hilo.

Asiye karibu na mto asikate tamaa. Kulastara kichwa-cheusi ameacha maji zamani; huwinda panya, mijusi na panzi katika mashamba yaliyovunwa, viwanja vya mpira na kandokando ya barabara, na hujenga viota juu ya miti mirefu hata mijini. Kusimama kwake ni kule kule, ila huku anayumbisha shingo kushoto na kulia huku kichwa kimetulia mahali pamoja, macho yakiwa kwenye kitu kilichomo nyasini. Mtu aliyekaa kituo cha basi anaweza kumtazama hadi basi lije.

Kuna watu waliogeuza kutazama huku kuwa kazi ya maisha. Uingereza, tangu mwaka 1928, watu wa kujitolea huenda kila masika ya kwao kwenye miti ile ile na kuhesabu viota vya kulastara kijivu. Ndiyo hesabu ya ndege wanaozaliana iliyodumu kuliko zote duniani, na ilianzishwa na kijana mmoja, Max Nicholson, kwa kuwaomba wasomaji wa magazeti wamwandikie walichokiona. Kwetu Kenya ndege wa majini huhesabiwa kila Januari tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na sehemu za pwani, na wengi wa wanaohesabu si wataalamu. Ni wanafunzi, walimu, waongoza watalii, wavuvi. Anayetaka kuanza aje na darubini, kofia, maji ya kunywa na daftari lisiloogopa unyevu, na aangalie kwanza majira ya kupwa. Aandike aina, kisha idadi. Halafu aongeze kile ambacho karatasi rasmi haina nafasi yake: kila ndege alisimama wapi, na alikuwa akiangalia nini.